Paka wengi, nyumba moja: Ugomvi unatoka wapi?

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Huko Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, msemo huo unawahusu pia wanaofuga paka wawili, watatu au zaidi chini ya paa moja.

Malalamiko yao hufanana: paka mmoja hukojoa kwenye zulia, wa pili humvizia mwenzake mlangoni, wa tatu huchanachana makochi. Wapo wafugaji wanaochoka na kuamua kumtoa mnyama wao. Hata hivyo, wataalamu wa tabia za paka wanasema chanzo mara nyingi ni maradhi, au namna nyumba ilivyopangwa.

Mwindaji wa peke yake

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake na kulinda eneo lake. Paka anaweza kuishi na wenzake, hasa ndugu waliokua pamoja, lakini anapokosana nao, kinga yake ya kwanza ni kujitenga.

Katika mji wa Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, paka aliyeshindwa huruka ukuta na kukimbilia kichochoro kingine. Walthamstow hali ni tofauti. Nyumba nyingi zimeungana ukuta kwa ukuta, na baadhi zimegawanywa kuwa makazi mawili, la chini na la juu. Majira ya baridi milango hufungwa. Chakula, maji na choo viko jikoni, na mbabe ameketi mlangoni.

Daktari kwanza

Paka anayeanza ghafla kukojoa nje ya choo chake huenda anaumwa kibofu, figo au kisukari. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo yumo hatarini: huenda njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa katika muda wa siku chache. Apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Kwa wenye kipato kidogo wanaotimiza masharti, lipo shirika la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 huko Whitechapel, mashariki mwa London.

Ni vyema pia kutofautisha haja na alama. Paka anayekwenda haja huchuchumaa. Anayeweka alama ya eneo husimama, akainua mkia na kurusha mkojo ukutani. Kuhasi hupunguza sana tabia hiyo. Shirika la Cats Protection linashauri paka ahasiwe anapotimiza miezi minne.

Kila mmoja na chake

Kanuni ya choo ni kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Paka watatu wahitaji vyoo vinne, tena mahali mbalimbali, kwani vikipangwa pamoja mbabe mmoja huvilinda vyote. Chakula na maji navyo vitenganishwe. Rafu ya juu humpa mnyonge pa kukimbilia, na gogo lililozungushiwa kamba ya mkonge huokoa makochi.

Paka mgeni awekewe chumba chake kwa siku kadhaa. Vitambaa vyenye harufu ya kila mmoja vibadilishwe, ndipo waonane kidogo kidogo.

Kuhusu paka wa jirani, tangu Juni 10, 2024 sheria inataka kila paka anayefugwa England awekewe chipu ya utambulisho kabla hajatimiza wiki 20. Chipu hiyo hiyo huweza kutumika kufungulia kijilango cha paka, kikawakubali wenyeji na kuwazuia wageni.

Kumpiga paka au kumsugua pua kwenye mkojo huongeza hofu, na hofu huzidisha tatizo. Mahali palipochafuliwa pasafishwe kwa dawa isiyo na amonia, kwani harufu yake hufanana na ya mkojo.

Wapo paka ambao hawatapatana kamwe. Hao ni bora waishi vyumba tofauti, au mmoja atafutiwe makazi mengine, kuliko wote kuishi kwa hofu.