Somo la vijidudu likifika kwa bibi

Mzazi wa Musoma au Bunda mwenye mtoto anayeanza mikrobiolojia, awe yuko Muhimbili au Sokoine, ajiandae. Somo hilo halibaki chuoni. Likizo ikifika linaingia jikoni.

Mwanafunzi hujifunza mapema mbinu ya Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, ya mwaka 1884. Bakteria hupakwa rangi ya zambarau, husuuzwa kwa spiriti, kisha hupakwa nyekundu. Wale wanaogandisha maziwa hubaki zambarau. Wa kipindupindu hutoka wekundu. Hapo ndipo anaposhtuka: maji maangavu ya Ziwa Victoria yanaweza kubeba maradhi, na mtindi mchachu wa kibuyuni Butiama umejaa bakteria wema.

Halafu ije hesabu. Kwenye joto na chakula cha kutosha, bakteria wa tumboni aitwaye E. koli hujigawa kila dakika 20 hivi. Mmoja wa saa 2 asubuhi anaweza kuzidi milioni 2 ifikapo saa 9 alasiri. Kiporo kilichoachwa mezani kinaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Kazi ipo kwa bibi. Maji hayo ameyanywa miaka yote, na mkaa ni ghali (hapo ana hoja). Mjukuu akianza kwa kukosoa ataonekana ana dharau. Aanze na mtindi: bibi amefuga bakteria tangu ujana wake, tena kwa ustadi. Ndipo aseme kwamba maji yakishatokota dakika 1 yanatosha, hayahitaji nusu saa jikoni.