CHAI YA KIJANI: FAIDA YAKE, MIPAKA YAKE NA MATUMIZI YAKE JIKONI

Mkulima wa chai wa Lupembe au Luponde huijua chai tangu ikiwa mche. Huipalilia, huichuma, huipima kituoni na kuikabidhi kwa gari la kiwanda. Hata hivyo, akirudi nyumbani aghalabu huinywa kwa namna moja tu: chai nyeusi, iliyochemka sana, yenye sukari nyingi, ikiandamana na chakula. Siku hizi habari za chai ya kijani zimeenea mijini na vijijini. Wako wanaoisifu kuwa ni dawa ya kila ugonjwa, na wako wanaoidharau kuwa ni kinywaji cha wageni. Makala hii inakusudia kueleza chai hiyo ni kitu gani, huufaa mwili kwa kiasi gani, na jinsi ya kuinywa na kuipikia, ili Makatibu wa vyama wapate kuwajibu wanachama bila kubahatisha.

Mmea mmoja, chai mbili

Kwanza yafaa kuondoa utatanishi wa maneno. "Majani mabichi" ni yale ayauzayo mkulima kwa kilo. "Chai ya kijani" ni chai iliyokwisha kutengenezwa na kukaushwa, tayari kwa kunywewa. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka katika mmea ule ule, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Hapana mbegu ya pekee inayohitajika.

Tofauti iko katika muda unaopita baina ya kuchumwa na kupata moto. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, ndipo yakaushwe. Majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema, kabla ya badiliko hilo kutokea. Wajapani hutumia mvuke. Wachina aghalabu hutumia kikaango kikavu. Baadaye majani hufikichwa na kukaushwa. Kwa njia zote mbili, kilo moja ya chai kavu huhitaji takriban kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi. Viwanda vingi vya Tanzania vilijengwa kwa ajili ya chai nyeusi ya kuuzwa nchi za nje, na ndiyo sababu chai ya kijani ni haba madukani.

Yaliyothibitika na yasiyothibitika

Kwa kuwa majani yake hayakuachwa yageuke, chai ya kijani hubaki na katekini nyingi. Hizi ni chembechembe za asili ambazo huipa chai ukali wake na ambazo zimechunguzwa sana na wataalamu wa afya. Uchunguzi mmoja mkubwa ulifanyika katika mkoa wa Miyagi, nchini Japani, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2006. Watu 40,530 wa umri wa miaka 40 hadi 79 walifuatiliwa kwa muda uliofikia miaka 11. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa uchache kuliko wale waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa upande wa vifo vya saratani, tofauti haikuonekana.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasichukuliwe kupita kiasi. Wanywaji wa chai huenda wakawa na tabia nyingine njema, kama vile kula samaki na mboga, ambazo nazo hulinda moyo. Kwa hiyo chai ya kijani ni kinywaji chema, si dawa. Mwanachama mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache vidonge vyake kwa kuitegemea.

Kadhalika, wanachama watahadhari na vifurushi viuzwavyo kwa jina la chai ya kupunguza unene. Baadhi ya chai za namna hiyo huwa zimechanganywa na sanamaki, ambayo huharisha, na uzito unaopungua ni wa maji tu. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa navyo ni jambo tofauti na kikombe cha kawaida. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya kwamba kipimo kikubwa cha vidonge hivyo huweza kulidhuru ini.

Faida moja iliyo wazi haimo katika jani bali katika sukari inayoachwa. Mtu anywaye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, hula vijiko 12, yaani karibu gramu 50. Hicho ndicho kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kwa mtu mzima wa kawaida, kabla hajahesabu sukari ya vyakula vingine. Chai ya kijani iliyotayarishwa vema hunyweka bila sukari.

Wakati wa kunywa ni muhimu kuliko rangi

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwa kaya za Njombe. Chai yoyote, nyeusi au ya kijani, ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage, nafaka na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mama mjamzito alaye ugali na maharage, kisha akashushia kikombe cha chai kali, hupoteza sehemu ya manufaa ya mlo wake.

Mkoa wa Njombe una chakula kingi: mahindi, viazi mviringo, maharage, maziwa na matunda. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na haitakuwa haki kuitwisha chai lawama hiyo. Lakini kikombe cha chai apewacho mtoto mdogo asubuhi badala ya uji au maziwa hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Kwa hiyo yafuatayo yazingatiwe katika kila kaya:

1. Chai inywewe saa moja au mbili mbali na mlo mkuu, si pamoja nao.

2. Mtoto mdogo asipewe chai ya aina yoyote. Apewe uji, maziwa au maji safi.

3. Mama mjamzito apunguze chai, kwa sababu ya kafeini na kwa ajili ya damu yake. Vidonge vya kuongeza damu apewavyo kliniki asivimeze kwa chai, bali kwa maji.

4. Chai isinywewe ikiwa ya kuunguza. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Baridi ya Njombe humshawishi mtu kuinywa ikitoka jikoni, asubiri kidogo.

5. Asiyepata usingizi asinywe chai jioni.

Jinsi ya kuitayarisha

Wengi walioionja chai ya kijani wakaichukia waliinywa ikiwa imechemshwa kama chai nyeusi. Mama lishe wa stendi ya Makambako aiachaye sufuria ya chai jikoni asubuhi nzima akifanya hivyo kwa chai ya kijani atapata maji machungu. Chai hii hutaka maji ya moto yasiyochemka, ya nyuzi kati ya 70 na 80.

Asiye na kipimajoto hana haja ya kusumbuka. Katika miinuko ya Njombe na Makambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hadi 95, si 100 kama pwani. Mtayarishaji achukue vikombe vinne vya maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa mapema yakapoa, avichanganye katika birika, na atapata joto linalofaa. Kisha atie kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kila kikombe, afunike kwa dakika mbili au tatu, na achuje. Majani hayo hayo huweza kutiwa maji mara ya pili. Tone la limau au kipande cha tangawizi huongeza ladha. Maziwa hayaipendezi.

Chai ya kijani katika mapishi

Kuipikia chai si jambo geni duniani. Wajapani humwagia wali chai ya kijani na kuula, na watu wa Burma hula majani ya chai yaliyovundikwa, kama kachumbari. Mapishi matatu yafuatayo yanawezekana katika jiko lolote.

Wali wa chai: vikombe viwili vya mchele hupikwa kwa vikombe vinne vya chai ya kijani nyepesi iliyochujwa, pamoja na chumvi na tangawizi kidogo. Wali hutoka na harufu njema.

Supu ya kuku: kuku akiisha kuiva, vijiko viwili vya majani makavu hufungwa katika kitambaa safi na kutumbukizwa katika supu kwa dakika tatu, kisha hutolewa. Huikata ile ladha ya mafuta.

Chapati: kijiko kimoja cha majani yaliyosagwa laini huchanganywa na vikombe vinne vya unga wa ngano kabla ya kukandwa.

Maharage na mboga za majani zisipikwe kwa chai, kwa sababu ile ile ya madini ya chuma iliyokwisha kuelezwa.

Kutengeneza kidogo kwa matumizi ya nyumbani

Mkulima aweza kujitengenezea chai kidogo. Achume asubuhi chipukizi lenye majani mawili laini, katika sehemu ambayo haikupigwa dawa karibuni. Majani yapashwe moto siku ile ile, ama kwa mvuke kwa dakika moja hivi, ama katika kikaango kikavu huku yakigeuzwa mfululizo mpaka yalegee bila kuungua. Yapozwe katika ungo, yafikichwe kwa viganja vilivyooshwa, kisha yakaushwe juu ya moto mdogo mpaka yavunjike kwa vidole. Yahifadhiwe katika kopo kavu lenye kifuniko. Chai ya namna ya Assam, iliyoenea Afrika Mashariki, ina ukali zaidi. Basi majani yapunguzwe kidogo katika birika.

Kuuza ni jambo jingine. Biashara ya kusindika chai husimamiwa na Bodi ya Chai Tanzania, na ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango. Chama kisianze kuuza kabla ya kupata ruhusa.

Wajibu wa Makatibu

Inapendekezwa kwamba Katibu wa kila chama awasomee wanachama sehemu inayohusu wakati wa kunywa katika mkutano ujao, na kwamba akina mama na akina baba wote wahudhurie. Pale penye zahanati karibu, mhudumu wa afya aalikwe kujibu maswali. Birika moja likitayarishwa papo hapo, wanachama wataionja chai ya majani yao wenyewe na kuamua kama inawafaa.