Nyumba za Mawe na Hesabu za Chokaa

Katika biashara zote zinazofanyika katika Mji Mkongwe wa Unguja, hapana iliyo ngumu kuhesabiwa faida yake kama ile ya kuzitengeneza nyumba kongwe za mawe zipate kutumika tena, kwa kuwa gharama zake hulipwa na mtu mmoja, ilhali manufaa yake huenea kwa jirani, kwa mwenye duka la pembeni, na kwa serikali ipokeayo kodi ya wageni waliokuja kuutazama mji mzima wala si nyumba ile moja. Tangu UNESCO ilipouingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2000, sifa yake imezidi na bei za majengo zimepanda pamoja nayo. Paa zinazovuja, walakini, bado ni nyingi.

Asiyejua nyumba hizi zilivyojengwa hawezi kujua kwa nini utunzaji wake ni ghali. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo, nene kupita dhiraa moja, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake haukuwaruhusu waashi kupanua chumba zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu mwenye hoteli wa leo, apimaye mahali pa kitanda, kabati na choo, hujikuta na vyumba virefu, vyembamba, ambavyo idadi yake haiongezeki hata angefanyaje. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuiacha chokaa ikae hata iive kabla ya kuchanganywa na mchanga, kazi ya majuma na pengine ya miezi, ambayo mkandarasi mwenye haraka huiona kuwa ni kupoteza fedha. Basi huagiza saruji. Saruji hushika upesi na hupendeza machoni mwaka wa kwanza, lakini huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta uliozoea kupumua, mpaka lipu ikabanduka kwa mapande na jiwe lililo nyuma yake likawa unga. Hasara hiyo humfikia mwenye nyumba wakati mkandarasi amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Adui mkubwa kuliko saruji ni maji. Sakafu za chokaa zilizokuwa mapaa ya kale zilifunikwa kwa mabati miaka mingi iliyopita, na tangu hapo uhai wa nyumba umetegemea mabati hayo na milizamu iyapelekayo maji ya masika mbali na ukuta. Mlizamu ukioza, maji huteremka mpaka kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, nazo huoza pasipo mtu kuona, na siku ya kuanguka dari hushuka juu ya dari. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye sifa kuliko majengo yote ya pwani hii, lilianguka sehemu yake mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 likaanguka sehemu kubwa zaidi na kuua watu wawili. Fedha za kuliinua zilitafutwa hata Oman. Sisemi kwamba mlizamu ndio uliolibomoa jumba lile. Nasema kwamba matengenezo madogo ya kila mwaka, yasiyofunguliwa na waziri wala kupigwa picha, ndiyo yanayokosa mfadhili.

Kazi kubwa, kinyume chake, zimepata wafadhili na matajiri. Dispensari ya Kale ya Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri aliyepata kukodishwa forodha ya Sultani, ilitengenezwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990 ikawa nyumba ya utamaduni, na roshani zake za mbao ya nakshi zikarudi mahali pake. Taasisi hiyo hiyo iliigeuza nyumba ya simu ya Shangani na jirani yake kuwa hoteli ya Serena. Jengo la Forodha ya Kale likapewa chuo cha muziki mwaka 2002, na Ngome Kongwe hukodishwa kwa tamasha za filamu na muziki, matumizi yasiyodai hata bomba moja kupenyezwa ukutani, nami nayaona kuwa ya busara kuliko mengine yote. Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19, limekuwa hoteli kubwa tangu 2015, baada ya majadiliano makali na UNESCO juu ya jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake.

Hoteli, hapana budi kukubali, ndiyo mnunuzi wa pekee awezaye kulipa bei kamili ya chokaa iliyoiva na ya boriti nzuri. Lakini hoteli huja na vyoo ghorofani na matangi ya maji juu ya paa, uzito na unyevu ambao waashi wa Barghash hawakuuhesabu, na huja pia na pango ambalo fundi cherehani na muuza kahawa wa mtaani hawaliwezi, kiasi kwamba nyumba hupona na mtaa hupungukiwa na watu wake. Watu wa Lamu, mji ulioingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2001, wanalijua jambo hili, kwani katika kijiji jirani cha Shela nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wanaozikalia misimu michache ya mwaka.

Nyumba za Mji Mkongwe zilizobaki, zisizokuwa hoteli, zimegawanyika katika mafungu matatu yenye shida mbalimbali. Kuna nyumba za serikali, nyingi zilizochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupewa familia zilizolipa kodi ndogo mno kununulia hata kibaba cha chokaa. Kuna nyumba za wakfu, ambazo pango lake huwekwa chini kwa huruma, huruma njema ambayo ukuta hauwezi kuila. Na kuna nyumba za mirathi, ambazo warithi wake, mmoja Unguja, mwingine Muscat, wa tatu London, hawana mmoja wao mwenye mamlaka ya kuiuza nyumba wala hamu ya kuitengeneza peke yake kwa faida ya wote. Benki nazo hupenda dhamana yenye hati moja na mwenye mmoja. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, hutoa vibali na kukataza mengi, lakini kukataza hakununui boriti, na boriti zenyewe zimekuwa adimu tangu misitu ya mikoko ilipoanza kulindwa.

Lau sehemu ndogo tu ya tozo wanazolipa wageni wa mahoteli ingetengwa kwa milizamu na mapaa ya nyumba za wakfu na za serikali, pasipo kungojea mfadhili wala sherehe, waashi wa chokaa wangepata kazi mwaka mzima, ilhali sasa huajiriwa hoteli inapotengenezwa na kurudia saruji hoteli inapofunguliwa.