Kupunguza Viroboto kwa Njia za Asili: Kazi Huanzia Mnyama Anapolala

Kiroboto ni mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, asiye na mabawa, mwenye mwili bapa unaopenya kirahisi kati ya manyoya. Anayesumbua zaidi mbwa na paka ni kiroboto wa paka, *Ctenocephalides felis*, ambaye licha ya jina hilo huwashambulia mbwa pia na kumng'ata binadamu. Mabuu wake hustawi penye kivuli, unyevu mwingi na joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Hali hiyo hupatikana Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, sehemu kubwa ya mwaka, hasa wakati wa mvua za masika na za vuli, kwenye kichanga kilicho chini ya mikorosho na miembe ambako mbwa hujilaza mchana.

Baada ya kunyonya damu, jike huweza kutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Hudondoka kila mnyama anapopita, na kwa wingi zaidi pale anapolala. Huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 10, na mabuu hula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha hujifunga ndani ya kifuko na kuwa pupa. Kiroboto aliyekomaa anaweza kubaki ndani ya kifuko hicho kwa wiki au hata miezi, hadi ahisi joto, mtikisiko au pumzi ya mnyama. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa kwa muda mrefu huonekana kujaa viroboto mara tu wenyewe wanaporejea.

Kwa makadirio ya kawaida, viroboto wakubwa walio mwilini mwa mnyama ni asilimia 5 tu ya kizazi chote. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na pupa waliotapakaa sakafuni, kwenye matandiko na uani. Kumwogesha mbwa peke yake, basi, hakumalizi tatizo.

Uwepo wa viroboto huthibitishwa kwa kitana chenye meno yaliyobanana. Mnyama huchanwa kiunoni na kwenye shina la mkia, kisha chembe nyeusi zinazotoka huwekwa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Kitana hichohicho ni tiba: viroboto wanaonaswa huzamishwa kwenye maji ya sabuni, ambamo hushindwa kuelea na kufa. Mbwa anaweza kuogeshwa kwa sabuni laini, povu likianzia shingoni ili viroboto wasikimbilie masikioni na machoni.

Ndani ya nyumba, matandiko ya mnyama hufuliwa kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Sakafu, mikeka na sehemu za chini ya vitanda hufagiliwa kila siku, na taka hutupwa mbali au kuchomwa. Usiku, sahani ya maji ya sabuni iliyowekwa sakafuni chini ya taa hunasa viroboto wakubwa wanaorukia mwanga na joto. Kwa sababu ya pupa, kazi hii huendelea kwa wiki kadhaa hata kama hawaonekani tena.

Uani, silaha kuu ni jua. Mabuu hufa haraka wanapokaushwa, hivyo majani makavu huondolewa, matawi ya chini hupunguzwa, na kichanga cha pale mbwa anapolala hugeuzwa ili kipigwe na jua. Banda la kuku nalo hukaguliwa. Kiroboto wa kuku, *Echidnophaga gallinacea*, hujishikiza kwenye kishungi na kuzunguka macho, na anaweza kuhamia kwa mbwa. Akipakwa mafuta mazito ya kujipaka, kwa uangalifu yasiingie machoni, hukosa hewa. Matandazo ya banda nayo hubadilishwa.

Mwarobaini, unaopatikana kwa wingi Pwani, una azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu. Maji ya majani yake yaliyopondwa yanaweza kunyunyizwa kwenye nyufa na mabandani, lakini hayachukui nafasi ya usafi. Paka wasipakwe mafuta yake, kwani miili yao huvumilia kwa shida kemikali nyingi za mimea.

Si kila kinachotoka shambani au jikoni ni salama. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mafuta ya taa na oili chafu ya magari huunguza ngozi na kumdhuru mnyama anapojilamba. Dawa za mbwa zenye permethrini zinaweza kumuua paka.

Panya nao wadhibitiwe, lakini kwa mpangilio. Panya anapokufa, viroboto wake hutafuta mwili mwingine, na viroboto wa panya ndio hueneza tauni, ugonjwa ulioripotiwa Lushoto kuanzia mwaka 1980. Viroboto wapunguzwe kwanza, na mizoga isishikwe kwa mikono mitupu.

Njia hizi zina mipaka. Mtoto wa mbwa au paka mwenye fizi nyeupe huenda amepungukiwa damu. Mnyama anayetoa vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi huenda ana tegu aliyempata kwa kumeza kiroboto. Wote wawili hupelekwa kwa daktari wa mifugo bila kusubiri.