Shofaji ya gari imenyamaza: shofere aanzie wapi?

Asubuhi huku Nyamitaba, katika milima ya Masisi, ukungu unashuka mpaka barabarani. Gari ya viazi na maharagwe inatoka mapema kuelekea Sake na Goma, watu wamebanana mbele, makoti yamelowa. Dakika chache tu, kioo cha mbele kimekuwa cheupe kwa ndani. Shofere anafungua shofaji: hakuna hewa. Anapangusa kioo kwa mukono mumoja, ule mwingine kwenye usukani, na kando ni bonde.

Wengi wanasema shofaji ni starehe, baridi mutu anavumilia. Lakini kazi yake kubwa huku ni kukausha kioo.

Moto wake hautoki kwa umeme. Ni maji ya moteri yanayopita katika radiyateri ndogo nyuma ya dashibodi, na feni inasukuma hewa hapo. Kama feni inavuma lakini hewa ni baridi, angalia maji ya radiyateri, moteri ikiwa imepoa kabisa. Kama hakuna hewa hata kidogo, shida iko kwa feni ao umeme wake.

Anza na fizibule. Zima kontakti, ivute, tazama kama kawaya ka ndani kamekatika. Weka nyingine ya nambari ileile: ya manjano ni 20, ya kijani ni 30. Hapa ndipo watu wanajiharibia. Fizibule ikikosekana, mutu anafunga kipande cha waya wa shaba, feni inazunguka, safari inaendelea. Lakini ile fizibule ilikatika juu kuna kitu kinakula umeme mwingi. Sasa zitakazoungua ni nyaya zenyewe nyuma ya dashibodi, gari ikiwa na watu. Hata fizibule mupya ikikatika palepale, iache mpaka fundi aone.

Fizibule ikiwa nzima, sikiliza. Kwa gari nyingi feni iko chini ya kisanduku cha karatasi, mbele ya miguu ya abiria. Gari za Japani zenye usukani kuume, ni upande wa kushoto. Weka shofaji kwenye nguvu ya mwisho, mwenzako agonge feni pole pole. Ikianza kuzunguka, sharboni zake zimekwisha, na itasimama tena. Ikizunguka kwa nambari ya mwisho tu, mara nyingi ni rezistansi imeungua. Hiyo ni kitu kidogo, usiuziwe feni nzima. Na panya wanapenda kujenga humo, nyasi zao zinakwamisha feni.

Ikiharibikia njiani, punguza watu wa mbele, makoti yaliyolowa yaende nyuma, vioo vya pembeni vifunguliwe kidogo. Kioo kipanguswe na kitambaa kikavu gari ikiwa imesimama. Kisipokubali, ngoja ukungu upungue. Viazi havitaoza kwa saa moja.