Fahamu: Goti na shingo chini ya mtungi wa maji

Kiangazi kikikolea Kitui na Makueni, mito mingi hubaki mchanga mtupu na maji hufukuliwa. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 na ushee. Mama huubeba mgongoni kwa mkanda uliopita kichwani, kisha huinuka. Misuli ya mbele ya paja hujikaza, huvuta kano iliyoshika pia ya goti, na mguu hunyooka. Msuli haujui kusukuma, huvuta tu. Ndiyo maana wa nyuma ya paja upo, kulikunja goti tena. Inayoonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni shingo: haiendi popote, ila misuli yake hukaza njia nzima kichwa kisivutwe nyuma.