Ushindi 2,029 wa Mike Martin

Mike Martin alipostaafu Juni 2019, alikuwa amekinoa kikosi cha besiboli cha Chuo Kikuu cha Florida State kwa misimu 40 na kushinda mechi 2,029. Kabla yake, hakuna kocha wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani aliyekuwa amefika huko. Katika misimu yote hiyo timu yake haikuwahi kushinda mechi pungufu ya 40, wala haikukosa mashindano ya taifa hata mwaka mmoja. Mara 17 alifika Omaha, jiji la jimbo la Nebraska ambako timu nane za mwisho hukutana kila Juni. Ubingwa hakuupata.

Mazungumzo mengi kuhusu Martin huanza na kuishia kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Wanaompima hivyo hawaitendei haki kazi ya ukocha wa chuo, kwa sababu ugumu wake mkubwa hauko kwenye fainali.

Kocha wa chuo wa enzi za Martin hakununua wachezaji. Aliwafuata shuleni, akazungumza na wazazi wao, kisha akasubiri drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambamo klabu za kulipwa hugawana chipukizi. Kijana anayemaliza sekondari anaweza kuchukuliwa na klabu hata kama ameshamwahidi kocha kwamba atakuja. Akija chuo cha miaka minne, kwa kawaida drafti haimgusi tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe umri wa miaka 21, na akiwa hodari kweli, huondoka hapo hapo. Fedha nazo zilikuwa finyu: kwa sehemu kubwa ya miaka ya Martin, timu nzima iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu, na kocha alilazimika kuukatakata ili utoshe wachezaji zaidi ya ishirini. Kwa mzunguko huo wa miaka mitatu, Martin alijenga timu mpya zaidi ya mara kumi, na hakuna hata moja iliyoanguka.

Siri yake? Sehemu kubwa ilikuwa subira ya wapigaji. Mtupaji akitupa mipira minne nje ya eneo halali na mpigaji asijaribu kuipiga, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Kwa mtazamaji mgeni jambo hilo huchosha, na mashabiki hupenda zaidi kuona mpira ukivuka ukuta. Lakini wapigaji wa Florida State walifundishwa kuuacha mpira mbaya upite, tena na tena, mpaka mtupaji wa wapinzani achoke na kocha wake amwite msaidizi mapema kuliko alivyopanga. Vituo hujaa watu ambao hawajapiga chochote. Pigo moja likija, mikimbio (pointi) miwili au mitatu huingia kwa mkupuo.

Sehemu nyingine ilikuwa jicho. Buster Posey alikuja kutoka Leesburg, Georgia, akacheza msimu wa 2006 kama mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mwaka uliofuata benchi la ufundi la Martin lilimpeleka nyuma ya mpigaji kuwa mdakaji, kazi inayodai magoti imara na akili ya kusoma mchezo wote. Mwaka 2008 klabu ya San Francisco Giants ilimchukua wa tano katika drafti, na akiwa mdakaji alitwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 2010, 2012 na 2014. Kijana aliyekwisha kung'ara mahali pake huhamishwa kwa tabu, na kocha asiyeaminika hawezi hata kulianzisha jambo kama hilo.

Sasa Omaha. Msimu wa kawaida unafanana na ligi ya soka: mechi zaidi ya hamsini, ambamo bahati mbaya ya leo hufidiwa wiki ijayo. Mashindano ya taifa ni mtoano, na timu ikipoteza mara mbili katika hatua moja hufunga virago. Mtupaji mahiri aliyetumika Jumamosi huhitaji siku kadhaa kupumzisha mkono, hivyo mechi ya kufa au kupona inaweza kuangukia mkononi mwa mtupaji wa nne. Mwaka 1986 Martin alifungwa na Arizona 10-2 katika mechi ya mwisho. Mwaka 1999 alifungwa na Miami 6-5, tofauti ya mkimbio mmoja, wakati fainali ilikuwa bado mechi moja. Mtindo wa kutafuta mshindi wa mbili kati ya tatu ulianza 2003.

Rod Dedeaux wa Chuo Kikuu cha Southern California alitwaa mataji 11, na Augie Garrido matano akiwa na vyuo viwili, Cal State Fullerton na Texas. Ukuu wao hauna ubishi. Hata hivyo, rekodi ya Garrido ya ushindi 1,975 ndiyo Martin aliyoivuka Mei 2018, na Machi 2019 akafikisha 2,000.

Msimu wake wa mwisho ulikaribia kuharibika, kwani Florida State ilipenya kwenye mashindano kwa shida. Kisha ikashinda kundi lake huko Athens, Georgia, ikaitoa Louisiana State (LSU) kwenye uwanja wa LSU wenyewe, na huko Omaha ikaanza kwa kuifunga Arkansas 1-0, kabla ya kupoteza kwa Michigan na Texas Tech.

Timu ilirithiwa na mwanawe, na kuanzia msimu wa 2023 na Link Jarrett, aliyeichezea mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya Martin. Mzee alifariki Februari 1, 2024, akiwa na umri wa miaka 79. Juni mwaka huohuo Jarrett aliirudisha Florida State Omaha, ambako ilitolewa na Tennessee, waliotwaa ubingwa siku chache baadaye.